Mezani na Mkwe

Siku ya kumi na tisa tangu ahamie kwa binti yake, Goretti alipakua wali na maharage yake, akaifunika sahani kwa sahani nyingine, akapita sebuleni ameinamisha kichwa, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mkwe wake, Aleem, alikuwa mezani na kijiko mkononi. Meza yenyewe ilikuwa mpya. Aliinunua wiki ile ile Goretti alipohamia kwao, akaikokota kutoka kwenye lifti huku akihema, akapiga magoti kwenye zulia na kuikaza skrubu moja moja. Katika viti vinne vilivyokuja nayo, kimoja alikiwekea mto wa zambarau, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii ya Mama." Mto ule bado ulikuwa na kibandiko cha bei.

"Mama amechoka," alisema Jolie, mkewe, bila kuulizwa.

Jolie alikuwa na mimba ya miezi minane kasoro siku chache, na Aleem hakupenda kumuudhi. Aliutazama mlango uliofungwa, akala taratibu, na alipomaliza akaosha sahani yake na kuifuta mara mbili.

Goretti asingekuwa pale kama si bomba la maji. Lilipasuka katikati ya Januari katika jengo lake la ghorofa kule mtaa wa Jane na Finch, maji yakateremka ghorofa tano, na mwenye jengo akawaambia wapangaji wakajisitiri kwa jamaa zao kwa wiki sita. Jamaa wa Goretti mjini Toronto alikuwa mmoja tu, binti yake. Jolie na Aleem walimfuata kwa gari, wakampakia na sanduku lake, wakamtandikia godoro katika chumba kidogo cha nyumba yao ya North York, ubavuni mwa kitanda cha mtoto kilichokuwa bado ndani ya boksi. Goretti alizoea kulipapasa boksi lile kila alipoamka. Mjukuu wa kwanza. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ambako alikuwa anafua mashuka mwaka wa kumi na saba sasa, hakuwa amegusa likizo yake hata siku moja. Alikuwa anaitunza yote kwa ajili ya mwezi wa tatu: kumuogesha mtoto, kumkanda, kumfinyanga kichwa kikae vizuri.

Sasa, hili lieleweke mapema: Goretti hakuwa na kinyongo na kijana huyu. Kwao, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, mama hali mbele ya mume wa binti yake. Mdomo wa mama mkwe unaotafuna ni jambo la faragha, kama kuoga. Ipo namna ya kuufungua mwiko huo. Mzee wa upande wa baba anasimama katikati, anawapa wote wawili chakula cha chungu kimoja, anasema yanayopaswa kusemwa, na tangu siku hiyo wanakula pamoja bila shida. Mzee aliyebaki alikuwa Félicien, mdogo wa marehemu mume wa Goretti, na Félicien alikuwa kambini Nyarugusu, Tanzania. Goretti alimpigia simu siku ya tatu.

"Mambo ya ukwe haiko ya telefone, shemeji," Félicien alisema. "Ungoje tu."

Yeye mwenyewe alikuwa ameshangoja kambini miaka ishirini na mmoja, kwa hiyo neno hilo lilimtoka kwa urahisi.

Kumweleza Aleem ana kwa ana haikuwezekana. Mama mkwe hamtajii mkwe wake habari za mdomo wake mwenyewe; hilo nalo ni sehemu ya mwiko. Ndiyo maana miaka mitatu nyuma, juma la ndoa, alimwagiza Jolie amweleze mumewe, na Jolie akajibu, "Okay, Mama." Goretti alidhani okay maana yake ndiyo.


Aleem alikuwa amejaribu kila alichokijua. Wiki ya kwanza alileta sufuria mpya tatu zikiwa zimefungwa kwenye nailoni, akazifungua mbele ya Goretti na kumwonyesha kwamba hazijapikiwa kitu. Goretti alimshukuru sana, na chumbani akajiuliza kijana huyu anataka kufungua hoteli au vipi. Wiki ya pili alileta sambusa alizopika mama yake, Zebunissa, zikiwa bado na moto. Goretti alipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa, akaenda nazo chumbani akazila zote nane. Zilikuwa tamu mno. Alitamani kutoka aseme hivyo, lakini angesemaje bila kutaja kwamba amekula?

Siku ile ya kumi na tisa, sahani ikiwa mapajani, aliwasikia kupitia ukutani. Walikuwa wanaongea Kiingereza. Goretti hakuwa msemaji wa Kiingereza, lakini mtu aliyesikiliza manesi wakiteta kwa miaka kumi na saba anaelewa kuliko anavyodhaniwa.

"Ananiona mchafu," Aleem alisema.

"Siyo hivyo. Mama ana aibu tu."

"Aibu ya siku kumi na tisa? Nikiwa dukani kwa baba anakula hapa hapa mezani, nimeona makombo. Nikiingia anakimbia na sahani." Kiti kilikwaruza sakafu. "Unajua bibi yangu Rehmat aliniambia nini kabla hajafa? Kwamba miaka yote waliyokaa Mwanza, sisi Wahindi ndio tuliokuwa hatuli na watu. Jirani akija na chakula wanakipokea mlangoni, wanashukuru, halafu wanakimwaga. Alisema anaona haya mpaka leo. Nikajiapia kwamba nyumbani kwangu mambo hayo hayatakuwepo. Sasa ni mimi ndiye nafanyiwa."

"Aleem, jamani."

"Mtoto akizaliwa, mama yangu aje kwa zile siku arobaini. Siwezi kumpa mtoto wangu mtu anayemwonea kinyaa baba yake."

Goretti alingoja binti yake aseme. Angeweza kusema maneno kumi tu na jambo lote likaisha. Lakini Jolie alianza kulia, na kilio cha mjamzito kikamlainisha mumewe.

"Basi. Jumamosi tutoke tukale nje," Aleem alisema. "Si sufuria yangu, si nyumba yangu, si mkono wangu. Akila na mimi mara moja tu, nitajua nimekosea na nitamwomba radhi. Asipokula, nimeelewa, na hatutazungumza tena."

Maharage yalipoa mapajani mwa Goretti. Aliumia. Aliumia kwa kudhaniwa vile, na aliumia zaidi kwa ajili ya Aleem, kwa sababu sauti aliyoisikia haikuwa ya mtu mwenye hasira. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyefukuzwa mchezoni.


Alhamisi, kwenye chumba cha kufulia kazini, alifanya mazoezi. Alikaa mbele ya mashine kubwa ya kukausha, akajiambia moyoni kwamba mashine ile ndiyo Aleem, akatoa mkate wake na kuuma. Mashine ilizunguka tu. Goretti alijaribu kumeza, akashindwa. Alimwona mama yake mzazi, akamwona na bibi yake, wanawake wa heshima zao, wamesimama kwenye milango ya jikoni wamejitanda vitenge wanamtazama yeye. Ilibidi akateme mkate kwenye sinki.

Ijumaa alimsubiri Jolie atoke kuoga.

"Ulimuambia bwana yako ile maneno?"

"Maneno gani, Mama?" Jolie alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, huku akijifuta nywele.

"Ile ya chakula."

Jolie alijifunika uso kwa taulo. "Kesho tutakula vizuri, Mama. Wewe kula tu. Kidogo tu. Kwa ajili yangu."

Goretti alimtazama binti yake aliyemleta nchi hii akiwa na miaka sita, akavaa viatu vyake akaenda zake kazini.


Jumamosi saa saba mchana theluji ilikuwa imelala kwenye barabara ya Yonge mpaka kwenye vifundo vya miguu. Aleem alitangulia, akikanyaga kwa kishindo makusudi ili awatengenezee njia wanawake wawili nyuma yake. Goretti aliziona nyayo zile, akaweka miguu yake humo humo. Mtoto mzuri, aliwaza, na roho ikamuuma upya.

Mgahawa ulikuwa mdogo, wa Wakorea, una meza kumi na jina lililoandikwa kwa herufi zao dirishani. Ndani kulikuwa na joto, na harufu ya pilipili na kitunguu saumu iliyopenya mpaka kwenye makoti. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa rika la Goretti, amevaa aproni na kandambili za plastiki. Aliwakalisha karibu na meza ya nyuma iliyokuwa tupu, akaondoka bila tabasamu, na kabla hawajaagiza chochote akarudi na visahani saba akavipanga mezani haraka haraka.

"Amekosea," Goretti alimnong'oneza Jolie. "Hii ni ya batu bengine."

"Ni yetu, Mama. Ni bure. Ukimaliza wanakuongezea."

"Bure?" Goretti alivitazama upya. Kulikuwa na kabichi nyekundu ya pilipili, mchicha, viazi, vitu asivyovijua. Na kwenye kisahani cha pembeni, vikiwa vimekaangwa na kung'aa, kulikuwa na vidagaa vikavu, ndagala kabisa, kama wale wa ziwani kwao, na macho yao meusi. Mate yalimjaa mdomoni. Alijifunika mdomo kwa ncha ya skafu yake akameza kwa siri.

Kisha yalikuja mambo ya vijiti. Wengine waliwekewa vijiti vya chuma vya kulia na kijiko kirefu. Mama mwenye mgahawa alimtazama Goretti, akaona mwanamke wa Kiafrika aliyejikunja ndani ya koti, mikono imefichwa mapajani, akamhurumia. Akaenda akamletea uma mdogo wa plastiki wa rangi ya waridi, wenye picha ya dubu kwenye mpini, na kibakuli cha kufanana nao. Vijana wa meza ya dirishani waligeuka wakatabasamu. Goretti aliuchukua ule uma akashukuru. Hakutaka makuu. Lakini Aleem masikio yalimwiva kwa aibu, akauchukua kutoka mkononi mwake kwa upole, akaurudisha kaunta mwenyewe, akaja na kijiko cha watu wazima na bakuli la udongo.

"Pole, Mama," alisema.

Aliagiza samaki. "Jolie anasema Mama mtu wa ziwa," alieleza kwa Kiswahili, akihesabu maneno. "Hii samaki na kichwa yake. Pilipili mingi. Wanapika hapa hapa, juu ya meza."

"Sufuria hii ni ya kuanzia watu wawili," mwenye mgahawa alionya kwa Kiingereza chake kifupi.

"Tuko watatu."

"Sawa."

Sufuria ikaja, pana, ikawekwa juu ya jiko dogo la gesi katikati ya meza. Mchuzi mwekundu ukaanza kuchemka. Jolie alikunja na kukunjua kitambaa cha karatasi. Ilipoiva, Aleem alisimama, akachota kwa upawa, akatafuta kichwa cha samaki, akakiweka kwenye bakuli la Goretti pamoja na mchuzi, akalishusha mbele yake kwa mikono miwili. Akampakulia mkewe. Akajipakulia mwenyewe. Akakaa na kumtazama.

Goretti alitazama bakuli. Mkono wake ulitoka mapajani, ukakishika kijiko. Mungu ni shahidi, alikusudia. Alikiingiza kwenye mchuzi, akakiinua kufikia kidevu, na hapo akahisi macho ya Aleem yako kwenye midomo yake, yanasubiri ifunguke. Mkono ukashuka wenyewe.

Jolie, kwa kutaka kuokoa jahazi, alichukua kijiko chake ili aanze. Mwenye mgahawa alikuwa anapita na sinia. Akasimama.

"Hapana, hapana," alimwambia Jolie, akamwonyesha Goretti kwa kidevu. "Huyu mkubwa. Mkubwa kwanza. Yeye hajala, nyie hamli." Akamgeukia Goretti mwenyewe, kwa adabu, akainama kidogo. "Mama, kula. Watoto wana njaa."

Akabaki amesimama pale pale, sinia mkononi, kuhakikisha kwamba heshima inatendeka. Sasa macho yalikuwa sita. Mchuzi ulichemka. Goretti aliona aibu ya kumfanya mtu atamani sakafu ipasuke, kwa sababu alimwelewa mama huyu vizuri sana. Kama ingekuwa ni nyumbani kwake angesema vilevile.

Aleem aliweka kijiko chini. Akazima gesi.

"Basi," alisema kwa Kiingereza. "Nimeelewa." Akachukua koti lake kwenye kiti.

"Aleem," Jolie alisema.

"Hakuna neno. Nitalipa, nitawasubiri nje. Mwacheni ale kwa amani."

"Ikala," Goretti alisema.

Alisema kwa sauti ambayo Aleem hakuwahi kuisikia kwake, na ingawa Kiswahili alichookota kwa bibi yake wa Mwanza hakikuwa na neno hilo, alielewa kwamba anaambiwa akae. Akakaa, koti likiwa nusu begani. Mwenye mgahawa aliona mambo yamekuwa ya kifamilia, akaenda na sinia lake.

Goretti hakumtazama mkwe wake. Aliitazama sufuria.

"We sufuria," alisema, "nitasema na wewe, maana na yeye sina ruhusa. Kwetu kule, mama hakule mbele ya bwana ya mutoto wake mpaka bafungue muiko. Haiko juu ya uchafu. Ni juu ya heshima. Mama yangu alipenda bwana yangu kupita batoto ya kuzaa mwenyewe. Wakati ya vita tulikimbia, siku kumi na moja mu milima, sufuria moja, chakula kidogo. Hata pale mama aligeuka. Na bwana yangu aligeuka. Banakula mugongo kwa mugongo, mimi katikati napana chakula huku na huku. Bunduki inalia, na bao banaheshimiana." Alipumua. "Hii maneno niliagiza. Ni miaka tatu sasa. Ule niliagiza iko hapa."

Aleem hakushika kila neno, lakini yaliyo muhimu aliyashika. Aligeuka polepole.

"Jolie. Ulijua?"

Jolie alikuwa ameshaanza kulia kabla ya swali. "Ningekuambia nini?" alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwenu watu wanakula kwa vitambaa vya kitani, mama yako ananiuliza tuna desturi gani za harusi. Niseme mama yangu hawezi kutafuna mbele yako? Mngecheka. Nikaona haina haja, mtaonana mara mbili kwa mwaka. Halafu bomba likapasuka, na kila siku nikawa nasema kesho."

"Siku ishirini na tatu," Aleem alisema. "Nimelala siku ishirini na tatu nikijinusa."

"Najua."

"Nimemnunulia masufuria, Jolie!"

Alisema kwa nguvu, vijana wa dirishani wakageuka tena. Jolie alijifunika uso. Goretti alimwonea huruma binti yake, ingawa wakati huo angefurahi pia kumpiga kofi moja la haja. Alielewa sasa kwamba mtoto huyu alimwonea haya, na kwamba alikuwa akimwonea haya tangu zamani, labda tangu shuleni, na hakuwa amewahi kulisema. Lilimchoma. Lakini hilo lilikuwa la mama na binti, lingengoja siku yake.

Aleem aliuinamisha uso wake kwenye viganja. Alipouinua alitafuta Kiswahili.

"Mama. Nisamehe. Mimi kila siku nafikiri, Mama ananiona mchafu."

"Sufuria, umuambie," Goretti alisema. "Mutu muchafu ningekula mbele yake bila shida."

Aleem alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimponyoka na kikaja na machozi, akayafuta kwa mkono wa sweta.

"Sasa nani anafungua? Mimi nilete nini?"

"Muzee wa upande wa baba. Iko Nyarugusu."

"Atakuja lini?"

Aliikodolea macho sufuria. Félicien alikuwa ameshafanyiwa mahojiano manne, amepimwa kifua mara tatu, na mwaka hadi mwaka anaambiwa angoje. Pengine atakuja. Pengine watamzika kule. Na mtoto wa Jolie anakuja mwezi wa tatu, hatamngoja mtu.

Akasimama na bakuli lake. Jolie alishtuka, akamshika kitenge. "Mama, usiondoke, tafadhali." Goretti alijinasua, akazunguka meza, akapita nyuma ya kiti cha Aleem, akavuta kiti cha ile meza tupu na kukaa. Mgongo wake ukaelekea mgongo wa mkwe wake. Palikuwa na nafasi ndogo sana pale; viti viligusana.

Mwenye mgahawa alifika mbio, kandambili zinapiga sakafu.

"Hapana, hapana. Meza hii ya watu wengine. Leo Jumamosi. Ukikaa hapa, agiza. Samaki ni kuanzia watu wawili."

Goretti aliinuka nusu, bakuli mikononi, akatafuta pa kwenda na hakupaona. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyezoea kuambiwa sogea: anainuka kabla hajafikiri.

"Tunaagiza," Aleem alisema. Hakugeuka. Alikuwa ameelewa, na alikuwa amekaza macho ukutani mbele yake kama askari wa gwaride. "Leta sufuria nyingine. Ya watu wawili. Weka kwenye meza ile."

"Yeye peke yake? Hawezi kumaliza."

"Tutafunga twende nayo nyumbani."

Mama yule alitazama migongo miwili, akatazama tumbo la Jolie, akatazama macho yao yaliyovimba. Alifungua mdomo aulize, kisha akaona biashara ni biashara, akapiga kelele kwa Kikorea kuelekea jikoni. Akarudi na kisahani cha ndagala, akakiweka mbele ya Goretti.

"Mkubwa kwanza," alirudia, na safari hii hakungoja kuona.

Aleem aliwasha tena gesi. Hakugusa chakula. Jolie, kutoka kwenye kiti chake, aliona uso wa mumewe, na juu ya bega lake akaona kisogo cha mama yake kilichofungwa kitambaa, na hakujua amtazame yupi.

"Anakula?" Aleem alimuuliza kwa kunong'ona.

Goretti alisikia. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa sauti akila; mama yake alimfundisha hivyo kwa kumfinya sikio. Aliliinua bakuli kwa mikono miwili mpaka kinywani, akafumba macho, akavuta mchuzi kwa mvuto mmoja mrefu ambao ulisikika mpaka kaunta. Akachukua ndagala, akawatafuna kwa meno ya nyuma, kwa makusudi, mtafuno wa ng'ombe. Akakinyonya kichwa cha samaki, jicho moja, kisha la pili. Vijana wa dirishani waliacha kula wakamtazama. Mtoto wa watu anakula, na anayetaka kusikia asikie.

Mabega ya Aleem yalishuka. Alichukua kijiko chake, akala, na alikuwa na njaa kweli. Jolie naye akaanza, machozi yakidondokea kwenye bakuli. Walikula hivyo muda mrefu, kukawa na sauti za vijiko tu na sauti ya Goretti.

"Mama," Aleem alisema hatimaye, uso ukiwa bado ukutani.

"Ee."

"Mwezi wa tatu, kazini, Mama asichukue zamu." Alitafuta neno, akalikosa, akatumia alilokuwa nalo. "Mama yangu hajui kuosha mtoto. Mimi pia sijui."

Mdomo wa Goretti ulikuwa umejaa samaki, na mtu mzima haongei na chakula mdomoni. Bila kugeuka, alilinyoosha bakuli lake tupu nyuma, juu ya bega, akalishikilia hewani mpaka alipohisi mikono miwili ikilipokea.